Kiti Katika Darasa la Yoga: Namna ya Kuyafanya Mazoezi Yamfae Kila Mtu

Katika kata ya Malangali, Manispaa ya Sumbawanga, niliwahi kuongoza darasa la yoga lililowafaa watu wote isipokuwa wale waliokusudiwa. Lilikuwa darasa la wagonjwa wa shinikizo la juu la damu, kisukari na maumivu sugu ya mgongo, nasi tulilipanga siku moja na kliniki yao ili mtu asifunge safari mbili. Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Baada ya wiki chache walibaki vijana wenye afya na baadhi yetu watumishi. Tulijifariji kwa neno tulilozoea kulitumia: wagonjwa hawana mwamko.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mmoja wa waliotoweka, mama mkulima aliyevuka miaka 60. Shinikizo lake la damu lilikuwa 190 kwa 110, na dawa zake zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Nilipomuuliza kwa nini aliacha kliniki, aliinamisha kichwa, kisha akasema: "Mwanangu daktari, kliniki sikuikataa. Siku ile mlitulaza chini, nikashindwa kuinuka. Vijana wawili wakaninyanyua kama mtoto, na mkwe wangu yuko pale anatazama. Ningerudi na uso gani?"

Kwa kuwa darasa na kliniki vilikuwa siku moja, aibu ya darasa ilimwondoa hata kwenye dirisha la dawa. Zoezi nililolipanga kwa nia ya kumlinda lilimweka karibu zaidi na kiharusi. Makala haya yanatokana na kosa hilo. Yanawahusu wahudumu wa afya wanaotaka kuanzisha darasa la mazoezi, na wagonjwa wanaojiuliza kama darasa la namna hiyo lina nafasi yao. Hoja yake ni moja: mtu akiacha darasa, tulichunguze kwanza darasa kabla ya kumchunguza mtu.

Yoga ni nini, na si nini

Yoga ni utaratibu wa kale kutoka India unaounganisha mikao ya mwili, upumuaji na utulivu wa mawazo. Neno lenyewe, katika lugha ya Kisanskriti, lina maana ya kuunganisha, na lina asili moja na neno la nira. Mkulima wa Ufipa anayelima kwa maksai anaifahamu nira: ikimbana shingo ng'ombe mmoja, jembe haliendi sawa, na mkulima mwenye busara huirekebisha nira badala ya kumchapa ng'ombe.

Mwaka 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Katika Afrika Mashariki mfano unaojulikana zaidi ni Africa Yoga Project, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 2007, ambalo huwafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu na kuendesha madarasa ya jamii yasiyo na malipo. Funzo lake kwetu ni kwamba watu hawakusubiriwa wafike kwenye kumbi za gharama. Mazoezi ndiyo yaliyopelekwa mitaani kwao.

Picha nyingi za yoga, hata hivyo, humwonesha msichana mwembamba aliyejikunja kama kamba. Picha hizo zimewaogopesha wengi. Kukunja mwili namna hiyo si lengo la tiba. Kwa mgonjwa wetu lengo ni kuinuka kitini bila kushikwa, kufunga mkaja wa mtoto bila maumivu, na kutembea kwenye njia yenye utelezi bila kuanguka.

Ushahidi unasema nini

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2017, na kuhuishwa mwaka 2022, yalionesha kwamba kwa watu wenye maumivu sugu ya kiuno, yoga huleta nafuu ndogo katika utendaji wa mgongo ikilinganishwa na kutofanya mazoezi. Ikilinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti ni ndogo au haipo kabisa. Nyingi ya tafiti hizo zilifanyika Marekani na India, na baadhi ya washiriki walipata ongezeko la maumivu, kama inavyotokea katika mazoezi mengine pia.

Matokeo hayo yana mafundisho mawili. Kwanza, tusiiuze yoga kama muujiza; haiponyi kisukari, wala haichukui nafasi ya vidonge vya shinikizo la damu. Pili, asiyeipenda yoga hapotezi kitu akichagua mazoezi mengine, mradi ayafanye.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Wenye miaka 65 na zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya mizani na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki ili kuzuia kuanguka. Mwongozo huo unawataja waziwazi wajawazito, wenye magonjwa sugu na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo hao si wageni waalikwa katika mazoezi. Ni walengwa wake.

Mkulima anaweza kuuliza: "Ninalima kwa jembe tangu alfajiri, mazoezi ya nini tena?" Swali ni la haki. Kulima ni kazi ya mwili, na dakika zake zinahesabika. Lakini anayepiga matuta hukunja mgongo upande mmoja kwa saa nyingi, naye fundi cherehani wa mjini na mwendesha bodaboda hukaa wamejikunja hali kadhalika. Wote hao wanahitaji kuunyoosha mwili kinyume cha kazi, kuimarisha misuli ya kiuno na kujifunza kutulia.

Nani anaachwa nje, na kwa nini

Baada ya kuzungumza na yule mama niliwatafuta wengine walioacha. Sababu zao zilikuwa za kawaida kabisa, na hakuna hata moja iliyokuwa uvivu.

*Sakafu.* Sumbawanga iko kwenye uwanda wa juu, takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai saruji huwa baridi kali, na mtu mwenye magoti yaliyosagika hawezi kushuka chini na kuinuka.

*Saa.* Tuliweka saa 1 asubuhi, wakati wa baridi na wa kazi. Msimu wa mvua, saa hiyo mkulima yuko shambani. Saa 10 jioni mwili umekwisha kupata joto, na wengi wamerudi nyumbani.

*Mavazi na staha.* Mama aliyevaa kitenge hawezi kuinua mguu mbele ya wanaume, achilia mbali mbele ya mkwewe. Wanawake wengine walihitaji kukaa safu ya nyuma, au kuwa na darasa lao.

*Imani.* Wakristo na Waislamu waliuliza kama wanaingizwa katika ibada ya kigeni. Tusiwafiche: yoga ilizaliwa ndani ya mapokeo ya dini za India. Vilevile ni kweli kwamba mikao na upumuaji vinaweza kufundishwa bila sala, nyimbo wala sanamu. Mweleze mtu yote mawili, kisha mwachie uamuzi. Kubadili jina la darasa ili kumficha mtu ukweli ni kumdanganya mgonjwa, na akigundua hatakuamini hata kwenye dawa. Akikataa, mpe mazoezi ya kawaida ya viungo au mpango wa kutembea. Kwa mgongo wake faida inakaribiana.

*Gharama.* Mkeka maalumu wa yoga si lazima. Jamvi, blanketi lililokunjwa au gunia safi juu ya nyasi vinatosha.

*Ulemavu.* Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma kuondoa vikwazo. Ngazi mlangoni humzuia mwenye kiti cha magurudumu kabla hajasema neno. Asiyeona anahitaji mwalimu anayeeleza kwa maneno, si anayesema "fanyeni kama mimi". Kiziwi anahitaji kuuona uso wa mwalimu kwenye mwanga na, inapowezekana, mkalimani wa lugha ya alama. Mwenye ualbino anahitaji kivuli, kofia na mikono mirefu, kwa kuwa jua la uwanda wa juu huunguza hata siku ya baridi.

Kabla ya darasa: maswali ya mhudumu

Kumkaribisha kila mtu si kumwingiza kila mtu bila kumpima. Muulize mshiriki mambo yafuatayo kwa faragha, si kwa sauti mbele ya watu.

1. Je, una maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au kuzimia? Akisema ndiyo, amwone daktari kwanza.
2. Shinikizo la damu likoje leo? Likiwa 180 kwa 110 au zaidi, apumzike na kupimwa tena. Likibaki hapo asifanye darasa siku hiyo, na apelekwe kwa mtabibu. Kukiwa na maumivu makali ya kichwa, ya kifua au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hiyo ni dharura.
3. Maumivu ya mgongo yana homa, jasho la usiku au kupungua uzito? Hapa kwetu tufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mtu huyo anahitaji uchunguzi badala ya yoga. Akiwa na ganzi sehemu za siri, ameshindwa kukojoa au miguu inaishiwa nguvu, apelekwe hospitali mara moja.
4. Unatumia insulini au glibenklamidi? Apime sukari kabla. Ikiwa chini ya 5 kwa kipimo cha milimoli, ale kwanza. Awe na kitu cha sukari mkononi, na akague nyayo zake kabla na baada ya darasa.
5. Una presha ya macho, au kisukari kimeathiri macho? Asiweke kichwa chini ya usawa wa moyo.
6. Je, ni mjamzito, umewahi kupata kiharusi, au mifupa yako imedhoofika? Mjamzito asilalie tumbo, na mimba ikikua asilale chali kwa muda mrefu, alale ubavu. Bega lililopooza lisivutwe. Mwenye mifupa dhaifu asijikunje mbele kwa nguvu wala kujinyonga kiuno.

Mwenye kifafa asifukuzwe. Mwalimu ajue namna ya kumlaza ubavu baada ya degedege, na asimtie kitu mdomoni.

Darasa lenye njia tatu

Tuliporudia darasa tulibadilisha jambo moja kubwa: kila zoezi lilikuwa na njia tatu, ya kiti, ya ukuta na ya mkeka. Mwalimu alianza na kiti, naye akakaa kitini. Hilo lina uzito wake. Mwalimu akiwa chini na mgonjwa kitini, kiti huonekana kama adhabu ya mnyonge; mwalimu akikalia kiti, kinakuwa njia halali kama nyingine. Huu ndio mpangilio wa dakika 45:

1. *Salamu na pumzi, dakika 5.* Kaa wima, nyayo zote chini. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe taratibu kwa hesabu ya 6. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ujauzito asibane pumzi.
2. *Shingo na mabega, dakika 5.* Geuza uso kulia na kushoto, inua mabega na kuyashusha. Usizungushe shingo duara kamili.
3. *Mgongo wa paka, dakika 8.* Kitini, mikono magotini, kunja mgongo kisha unyooshe kifua. Ukutani, fanya hivyo viganja vikiwa ukutani. Kwenye mkeka, fanya kwa mikono na magoti, blanketi likiwa chini ya magoti.
4. *Mlima, dakika 7.* Simama wima, au kaa wima, uzito ugawanyike sawa. Inua mkono mmoja, kisha jinyooshe kuelekea upande wa pili.
5. *Kukaa na kuinuka, dakika 5.* Inuka kitini na kukaa tena polepole, mara 5 hadi 10. Mwanzoni sukuma kwa mikono. Asiyeweza kusimama asukume viganja dhidi ya mapaja.
6. *Mizani, dakika 5.* Shika ukuta au kiti kizito, inua kisigino kimoja, kisha mguu mzima ukiweza.
7. *Mapumziko, dakika 10.* Lala chali, lala ubavu au baki kitini. Macho yanaweza kufumbwa au kubaki wazi. Mtu aliyewahi kufanyiwa ukatili huenda asijisikie salama akifumba macho ukumbini.

Viti vya plastiki huteleza kwenye saruji, na miguu yake hupanuka. Viegemeze ukutani, na utumie vya mbao vilivyo imara kwa wazee na wenye uzito mkubwa.

Aidha, kabla ya kumfundisha mtu kulala chini, mfundishe kuinuka. Ageukie ubavu, ajisukume kwa mikono hadi apige magoti, ashike kiti kilichoegemezwa ukutani, atangulize mguu wenye nguvu, kisha asimame. Anayeshindwa hatua hizo asilazwe chini siku hiyo. Laiti ningelijua hilo mapema, yule mama asingenyanyuliwa mbele ya mkwewe.

Lugha ya mwalimu

Kauli ya mwalimu inaweza kufungua mlango uliofungwa na sakafu, au kufunga uliofunguliwa na kiti. Kijana anayewafundisha wazee aanze na shikamoo, asimame anapowapokea, na aseme "tunainua mkono" badala ya "inua mkono". Asiseme "hili ni rahisi", kwani anayeshindwa jambo rahisi huondoka na aibu. Aseme, "chagueni njia inayowafaa leo." Asimsifie aliyejikunja zaidi. Asimguse mtu kumrekebisha bila kuomba ruhusa, na ruhusa ya leo si ya kesho. Kwa wazee wanaosikia Kifipa vizuri kuliko Kiswahili, mshiriki mmoja apewe heshima ya kufasiri.

Kiasi kinachofaa hupimwa kwa mazungumzo: mtu aweze kuongea sentensi nzima, ingawa hawezi kuimba. Mvuto mdogo wa misuli ni wa kawaida. Maumivu makali, ya kuchoma au yanayoteremka mguuni ni amri ya kusimama.

Mtu asipokuja, mtafute kwa upole. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita nyumbani asiulize, "Mbona umeacha?" Aulize, "Ni kitu gani darasani hakikukufaa?" Swali la kwanza humshtaki mgonjwa. Swali la pili hutuletea taarifa za kurekebisha. Tena, darasa lisifungamanishwe na dawa: anayekataa mazoezi achukue vidonge vyake bila kuhojiwa mbele ya wengine.

Kwa wewe mgonjwa

Una haki ya kuuliza kabla ya kushiriki, ya kukaa kitini tangu mwanzo hadi mwisho, ya kukataa kuguswa na ya kuondoka bila kutoa maelezo. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri baada ya mazoezi. Ukianza nyumbani, chukua zoezi la 1 na la 5, dakika 10 kwa siku, kiti kikiwa ukutani na mtu mwingine akiwa karibu. Na ukiona darasa halikufai, mwambie mhudumu. Unyamavu wako hutufanya tudhani mambo ni shwari.

Hitimisho

Yule mama alirudi. Kwanza alirudi dirishani kwa dawa, na hilo pekee lingetosha. Baadaye alirudi darasani, akachagua kiti cha karibu na mlango, akakaa na kitenge chake bila kubadili vazi. Shinikizo lake lilishuka, na sababu kubwa ni vidonge, nami sitaki kuipa yoga sifa isiyo yake. Lakini siku alipoinuka kitini mara 10 bila kutumia mikono, mkwewe akiwa safu ya mbele, alinitazama akasema: "Sasa ninaonekana nikiwa nimesimama."

Vifaa vilivyohitajika ili afike hapo vilikuwa kiti cha mbao, ukuta na saa inayofaa. Vyote vilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Maswali ya kujadili kazini

1. Ni nani katika orodha yetu ya kliniki ambaye hajawahi kuonekana darasani, na ni nani kati yetu aliyekwenda kumuuliza sababu?
2. Mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kufika kwenye ukumbi wetu bila kubebwa?
3. Katika darasa letu, mwalimu hukaa wapi: kitini, au chini?
4. Mgonjwa anayekataa yoga kwa sababu ya imani yake hupewa njia gani nyingine?
5. Dalili zipi za maumivu ya mgongo zinatutaka tuahirishe mazoezi na tumpeleke mtu kwenye uchunguzi?